Kwa Nini Robo Haigeuki Kuwa Kilo

Duka la mtaani Dar es Salaam, lile ambalo watu hulitaja tu kuwa ni "kwa Mangi", huuza karibu kila kitu kwa vipande. Sukari robo, mafuta ya kula ya mia tano, mche wa sabuni uliokatwa, majani ya chai ya mia moja, kitunguu kimoja. Nairobi biashara hiyohiyo huitwa kadogo. Kila anayenunua hivyo anajua kuwa kipimo kidogo hulipiwa zaidi. Tuseme robo ya sukari ni shilingi 800 na kilo nzima 3,000: aliyechukua robo nne kwa siku nne ametoa 3,200. Shilingi 200 haziumizi mtu jioni moja. Zinauma zikijumlishwa na za mafuta, sabuni, mchele na mkaa kwa mwaka mzima.

Hapo ndipo washauri wa kubana matumizi wanapoanzia, redioni na kwenye semina za wajasiriamali: nunua kwa jumla. Kihesabu hawajakosea. Ajabu ni kwamba ushauri huo umesikika kwa miaka mingi na wanunuzi wa robo hawajapungua. Maelezo ya haraka huwa mawili, ama hawajui hesabu, ama hawana fedha. La kwanza ni dharau, kwa sababu hakuna anayejua bei kuliko mama anayenunua kila siku na kukumbuka hata nyanya zilikuwa ngapi kwenye fungu la juzi. La pili lina sura ya ukweli, na kwa baadhi ya matumizi ni kweli kabisa. Lakini kwa vitu visivyoharibika haraka, kama sukari, limechunguzwa, na majibu yalikuwa tofauti na yaliyotarajiwa.

Mwaka 2021 watafiti watatu, Brian Dillon, Joachim De Weerdt na Ted O'Donoghue, walichapisha katika jarida la uchumi la Benki ya Dunia uchambuzi wa shajara za manunuzi za kaya 1,493 za Tanzania. Kila kaya ilikuwa imeandika ilichonunua kwa wiki mbili, na jumla ilipatikana miamala 48,501. Walitazama vitu visivyoharibika haraka tu, vile ambavyo mtu anaweza kuviweka ndani bila hofu ya kuoza. Waligundua kwamba kaya ya kawaida ingeweza kupata kiasi kilekile cha vitu hivyo kwa gharama ndogo zaidi kwa asilimia 8.7, kama ingenunua kwa vipimo vikubwa kidogo. Kwa familia inayoishi karibu na mstari wa umaskini, hiyo ni fedha ya maana. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na katika hizo 33,748 ni za chakula peke yake. Nyumba ambayo theluthi mbili ya fedha yake huishia jikoni haina mahali pengine pakubwa pa kubana.

Lakini jambo lililowashangaza wachambuzi wa uchumi lilikuwa sababu. Ukosefu wa fedha taslimu haukueleza sana kwa nini kaya hizo hazikununua kwa jumla, huenda kwa kuwa tofauti kati ya kipimo kidogo na kikubwa haikuwa kubwa. Sababu zilizoonekana kuwa na nguvu zaidi ni mbili. Watu walihofia kwamba kitu kikiwa kingi ndani kitatumika haraka, na walihofia kwamba kikionekana kitaombwa.

Anayeishi katika nyumba ya kupanga vyumba hahitaji kuelezwa sababu hizo. Kilo mbili za sukari zikiwa kabatini, chai huwa tamu zaidi, watoto huchota, na uji wa jioni nao hupata kijiko cha ziada ambacho robo isingekiruhusu. Robo hujilinda yenyewe: ikiisha, imeisha, na kesho ni siku nyingine. Kisha kuna mlango. Wapangaji sita wanaotumia ua mmoja, bomba moja na kamba moja ya nguo wanajua nani kaingia na nini. Mwenye ndoo ya mafuta ya lita kumi akiombwa kibaba na jirani hawezi kusema hana, na akisema atakuwa amejitangaza kuwa mchoyo mbele ya watu ambao kesho atawahitaji. Mwenye mafuta ya mia tano husema hana, na ni kweli.

Wapo wanaouona uombaji huu kuwa mzigo wa kuutupa kabla familia haijaendelea. Huko ni kuutazama kwa jicho moja. Jirani aliyeomba chumvi leo ndiye atakayembeba mtoto wako mgongoni usiku hadi zahanati, ndiye atakayechanga msibani. Kwa mamilioni ya watu wasio na bima ya afya wala pensheni, ua ule ndio bima. Kinachotafutwa na mnunuzi wa robo ni namna ya kubaki ndani ya mtandao huo bila kumalizwa nao, na asilimia ile 8.7 inaweza kuonekana kama ada anayoilipa kwa ajili hiyo.

Liko jambo jingine ambalo shajara za manunuzi haziwezi kulionyesha vizuri, nalo ni nani ameshika fedha ndani ya nyumba. Katika familia nyingi mume huacha hela ya matumizi asubuhi, ya siku hiyo tu. Inawezekana nyumba kwa ujumla ina fedha ya gunia la mchele, lakini mwenye kupika ana elfu saba mkononi na anatakiwa kuirudisha mezani ikiwa chakula cha mchana na cha usiku. Kumshauri mama huyo anunue kwa jumla ni kumpelekea barua isiyo yake. Mazungumzo ya kwanza ya kubana matumizi katika nyumba kama hiyo ni ya watu wawili, juu ya hela ya wiki au ya mwezi badala ya hela ya siku.

Ikiwa tatizo ni mkono na mlango, basi dawa yake ni kufuli. Hilo nalo limejaribiwa. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi na vikundi vya kuzungushiana fedha magharibi mwa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Baadhi ya wanachama walipewa kisanduku cha bati chenye kufuli na ufunguo wao wenyewe, wakaambiwa hiki ni cha fedha za afya. Basi. Baada ya mwaka, matumizi yao katika vitu vya kinga ya afya, kama vyandarua, yalikuwa yameongezeka kwa asilimia zaidi ya 60 kuliko ya wale wasiopewa. Kundi jingine lilianzisha mfuko wa pembeni ndani ya mzunguko wao wa kawaida, ambapo kila awamu mwanachama mmoja alinunuliwa kitu cha afya alichokichagua. Hapo matumizi yaliongezeka zaidi ya mara mbili. Kundi la tatu lilipewa kisanduku ambacho ufunguo wake ulishikwa na mtu wa mradi mpaka lengo litimie. Hicho hakikuongeza kitu, kwa kuwa mtu anayeweza kuuguliwa usiku wa leo haweki fedha mahali asipoweza kuzifikia.

Tofauti kati ya visanduku hivyo inafundisha kuliko takwimu zenyewe. Fedha yenye jina ni rahisi kuitetea mbele ya mwombaji na mbele ya nafsi: hii ni ya chandarua, hii ni ya ada. Fedha isiyo na jina ni ya kila mtu. Lakini ukiifunga kabisa, maskini ataiepuka, na ana haki ya kuiepuka. Kibubu cha mbao cha kupigilia misumari, kinachouzwa hadi leo kando ya barabara za miji mingi, kiko katikati ya mambo hayo mawili. Kinaweza kuvunjwa, lakini kwa kelele.

Vikundi vya akina mama vilijua haya kabla ya watafiti. Upatu unaoendeshwa na kijumbe Dar es Salaam, na chama cha Nairobi, hugeuza vidogo vya kila siku kuwa kimoja kikubwa chenye tarehe. VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana, vilikwenda mbele zaidi. Asili ya mfumo huo ni kazi ya shirika la CARE na wanawake wa Niger mwaka 1991. Nchini Tanzania umechukua sura iliyozoeleka sasa: hisa kila wiki, sanduku lenye kufuli kadhaa na funguo mikononi mwa watu tofauti, faini ya kuchelewa, mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, mikopo kwa wanachama, kisha mgao mwisho wa mzunguko. Mfuko wa jamii ndio sehemu ya busara kubwa, kwa sababu unakubali kwamba mlango utagongwa na unatenga fungu la kumpa anayegonga. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi hivi na kuviweka katika daraja la nne, lenye usajili wake.

Mgao ukipangwa vizuri, unaangukia pale bei zinapouma. Vikundi vingi huvunja mzunguko Desemba, karibu na ada na sare za Januari. Vingine huchangia mwaka mzima kwa ajili ya chakula cha sikukuu, na wiki moja kabla ya Idi au Krismasi kila mwanachama huondoka na mchele, mafuta, sukari na unga wa ngano vilivyonunuliwa kwa bei ya jumla. Hapo robo imegeuka kuwa gunia bila gunia kukaa miezi sita machoni pa watu.

Hadi hapa ni mambo ya sukari. Yapo matumizi mengine ambayo kufuli haisaidii kitu, kwa sababu tofauti ya bei ni kubwa na kinachokosekana ni mtaji au haki ya kuunganishwa. Umeme ni mfano mzuri. Bei za shirika la umeme la Tanzania, TANESCO, zilizopangwa mwaka 2016 ziliweka kundi la matumizi madogo la nyumbani, linaloishia uniti 75 kwa mwezi, kwa shilingi 100 kwa uniti. Kundi la kawaida hulipa 292. Ukiongeza kodi na tozo, uniti moja huwa shilingi 122 upande mmoja na 356 upande mwingine. Ndiyo maana umeme wa kulipia kabla, LUKU, wa elfu kumi kwa wengi hutoa uniti 28 hivi. Sasa chukua nyumba yenye wapangaji watano na mita moja. Kila familia peke yake hutumia taa, redio, chaji ya simu na televisheni, labda uniti 30. Kwa pamoja wamefika 150, wametoka katika kundi la nafuu, na kila mmoja analipa bei ya mwenye friji na kiyoyozi. Uniti 30 zingemgharimu 3,660 kama angekuwa na mita yake. Sasa zinamgharimu 10,680. Nafuu iliyowekwa kwa ajili ya maskini inaishia kwa mwenye nyumba ndogo ya peke yake, na mpangaji wa chumba kimoja ameachwa nje. Hili halirekebishwi kwa kuzima taa mapema.

Maji yana hesabu kama hiyo. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Anayechota kwa jirani kwa shilingi 100 kwa dumu ameilipia uniti shilingi 5,000, zaidi ya mara mbili ya bei ya bomba, na yule anayeletewa kwa mkokoteni amelipa zaidi ya hapo. Na kodi ya nyumba imekaa kinyumenyume kabisa: mwenye nyumba Dar es Salaam mara nyingi hudai miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu analazimishwa kununua kwa jumla kitu ambacho angependa kukilipia kwa vipande, na upatu wa nusu mwaka unamezwa siku moja.

Mahali penye uwanja mpana zaidi wa kuokoa fedha ni kwenye nishati ya kupikia, na hapo panastahili kukaliwa. Dar es Salaam peke yake hutumia karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania. Mkaa wa kopo ni ghali kwa kilo kuliko wa gunia, na gunia lenyewe halina uzito mmoja. Kinachouzwa ni ujazo, pamoja na vumbi lililokaa chini. Familia inayobaki na mkaa ina njia mbili za hakika. Ya kwanza ni jiko. Lile lenye tabaka la udongo ndani ya bati, lililotengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kusambaa ukanda mzima, hupunguza mkaa kwa theluthi moja hivi au zaidi ukilinganisha na jiko la bati tupu, na gharama yake hurudi ndani ya miezi michache. Ya pili haigharimu chochote: maharage yaliyolowekwa usiku kucha hupungua muda wa kuiva kwa kiasi kikubwa, na sufuria lenye mfuniko hushinda lililo wazi kila siku ya mwaka.

Halafu kuna jambo ambalo bado halijaingia vichwani mwa wengi, kwamba umeme unaosemwa kuwa ghali unaweza kuivisha maharage kwa bei ndogo kuliko mkaa. Jiko la umeme la presha hufunga joto ndani, na nusu kilo ya maharage huiva kwa takriban nusu uniti. Hata kwa bei ya 356 hiyo haifiki shilingi 200, na Dar es Salaam hakuna kopo la mkaa la bei hiyo. Kikwazo ni chombo. Jiko hilo huuzwa kwa zaidi ya laki moja, na mama mwenye hela ya siku hawezi kulifikia, ingawa kila siku analipa mkaa wa kutosha kulinunua kwa muda. Mtungi wa gesi una tatizo lilelile: ujazo wa kilo sita humaliza fedha ya siku kadhaa kwa mara moja, kwa hiyo ukiisha katikati ya mwezi, jiko la mkaa hurudi mlangoni.

Nafaka pia hutaka mtaji wa wakati. Magharibi mwa Kenya, wakulima wadogo huuza mahindi wakati wa mavuno bei ikiwa chini kwa sababu ada na madeni yanasubiri, kisha hununua mahindi yaleyale miezi kadhaa baadaye kwa bei ya juu. Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walichapisha mwaka 2019 matokeo ya jaribio lililofanywa na shirika la One Acre Fund: mkulima aliyepewa mkopo wakati wa mavuno aliweza kuhifadhi na kuuza baadaye, na fedha ile ilizaa faida ya asilimia 29. Familia ya mjini Tanzania yenye ndugu shambani inaweza kufuata mantiki hiyohiyo kwa kununua Juni au Julai, mavuno yanapoingia. Lakini atakayeweka mahindi bila kinga atakuwa amemlisha dumuzi, yule mdudu aliyeingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupachikwa jina la Skania kwa uharibifu wake. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa humuua bila dawa, ilimradi mahindi yakauke vizuri na mfuko usitobolewe.

Akiba yote hii inaweza kufutwa na deni moja. Tuseme familia inatumia 200,000 kwa mwezi kwa vitu visivyoharibika, na imefanikiwa kubana asilimia ile 8.7 yote: imeokoa 17,400. Mkopo wa mtaani wa laki moja, ule uitwao kausha damu, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi unachukua 20,000. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania zimewabana wakopeshaji wenye leseni wa daraja la pili wasizidi asilimia 3.5 kwa mwezi, lakini wasio na leseni hawaulizi kanuni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Hata mikopo ya simu iliyo halali ina bei yake. M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa dharura ya mara moja hiyo ni ndogo. Kwa mtu anayekopa na kukopa tena kila mwezi ni asilimia 90 kwa mwaka. Kwa kulinganisha, daftari la Mangi, ambalo halina riba iliyoandikwa, limezisaidia familia nyingi kuvuka tarehe 20 za mwezi, ingawa anayedaiwa hawezi tena kwenda kuulizia bei duka la pili.

Kununua kidogo si lazima kuwe ghali, na ushahidi uko Nairobi. Mashine za maziwa zilizosambaa mitaani katika muongo uliopita huuza kwa fedha uliyonayo, hata ya kikombe, na lita yake huwa nafuu kuliko ya pakiti kwa sababu mnunuzi anakuja na chombo chake na halipii karatasi. Mfano huo umeanza kuigwa kwenye mafuta ya kupikia. Upande wa gesi, Tanzania na Kenya zimeona mitungi yenye mita ambayo mteja hulipia kwa simu kiasi anachotaka, mtungi ukibaki mali ya kampuni. Robo ya gesi inauzwa, na bei ya kilo haipandi kwa sababu ya udogo wa malipo.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Katika miaka hiyo, mengi yatategemea kama mama mwenye elfu saba ya siku ataweza kulipia jiko la presha kwa mia tano mia tano kupitia LUKU au simu, na kama mpangaji wa chumba atapata mita yenye jina lake.